Injini ya lori imefunguliwa yote, gasketi ya hedi mara mbili, bado inakula kulanti

MasafaMarefu

Wakuu, habari za mihangaiko. Uzi utakuwa mrefu kidogo, nivumilieni. Nimechoka kuambiwa "badilisha gasketi" (ile ya kuziba kati ya hedi na bloku) halafu mtu anapotea.

Lori ni dizeli, silinda sita za mstari, laina zake (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) ni zile zinazoguswa na maji moja kwa moja. Ina tabo na breki za upepo. Injini niliifungua yote baada ya kula metali (bearingi) za kranki. Zimeingia laina mpya, pistoni, ringi, metali, seti nzima ya gasketi, pampu ya maji mpya na thamostati mpya. Hedi ilikwenda mashine, ikapimwa presha, ikapigwa uso. Rejeta ilizibuliwa.

Tangu siku ya kwanza inapoteza kulanti (maji ya kupozea injini yenye dawa). Nikiwa na mzigo ni lita moja na ushee kila kilomita 300. Nikiwa tupu inapungua kidogo tu. Oili safi, hakuna uji wa maziwa kwenye kijiti wala kwenye kifuniko. Moshi wa kawaida. Geji ya joto inakaa mahali pake, ila mara mbili imepanda ghafla kisha ikashuka yenyewe bila mimi kufanya lolote. Chini ya injini ni pakavu mchana. Asubuhi nyingine nakuta tone mbili tatu upande wa mbele, lakini tone tatu haziwezi kuwa lita.

Nikafungua hedi, nikaweka gasketi ya pili. Hali ni ileile. Mara ya tatu sishiki spana mpaka nijue natafuta nini. Karibuni.

Laina Kavu

Pole mkuu. Lita moja kwa kilomita 300 na chini pakavu, hiyo inachomwa ndani. Ama hedi ina ufa ambao fundi wa mashine hakuuona, ama laina zako hazijasimama sawasawa juu ya bloku. Ulipima kimo cha laina kabla ya kufunga?

MasafaMarefu

Nilipima kwa dayo geji, kila laina sehemu nne. Kitabu cha injini hii kinataka laina itokeze juu ya bloku kati ya 0.05 na 0.10 mm. Ya chini kabisa ilikuwa 0.06, ya juu 0.08. Bolti za hedi mpya, nilizipaka oili kwenye meno na chini ya kichwa, nikakaza kwa hatua halafu nyuzi za mwisho kama kitabu kilivyosema. Matundu ya bolti niliyapuliza kwa upepo kwanza.

Grisi Mkononi

Hapo kwenye kupuliza matundu umenikumbusha maumivu. Mimi nilikaza hedi huku tundu moja lina oili imetuama chini. Spana ya toki ikalia "kwak" vizuri tu, kumbe bolti inakandamiza oili na haijabana hedi. Gasketi ilidumu wiki mbili. Kwa hiyo nakuamini ukisema ulipuliza.

Kanyaga Twende

Mnajitesa bure. Weka maji ya kawaida, beba dumu la lita 20 nyuma ya kiti, endelea na kazi. Wazee wetu walitembea hivyo miaka yote.

Dada Spana

Kaka Kanyaga, kwa laina za maji huo ni ushauri wa kuua injini mpya. Pistoni ikipiga upande, laina inatetemeka kama kengele. Upande wa maji vinazaliwa vimapovu vidogo sana, vikipasuka vinadokoa chuma. Mwisho unakuta laina ina vitundu kama imechomwa sindano, na kimoja kimetokea upande wa pili. Dawa iliyo ndani ya kulanti inaweka utando unaolinda laina. Maji matupu hayana kitu hicho, na yanaleta kutu juu yake. Kuna jambo jingine pia: kulanti ina rangi, ikikauka inaacha ukoko unaoonekana. Maji yakikauka hayaachi barua. Unayetafuta mahali panapovuja usijifute ushahidi.

Na kabla mwingine hajashauri ile dawa ya kuziba matundu inayomiminwa kwenye rejeta: haijui kuchagua tundu. Itaziba na njia nyembamba za kipoza oili.

Mzee Toki

Kijana wangu MasafaMarefu, umeandika vizuri kuliko wengi. Sasa acha kufikiria kitu kimoja. Maji yanayopotea kwa kawaida huenda sehemu nne: nje, ndani ya oili, ndani ya silinda, au yanasukumwa nje kupitia kifuniko cha tangi la akiba na kukaukia njiani. Hiyo ya nne watu huisahau kwa sababu lori likisimama hakuna cha kuona. Nijibu haya:

Umepima presha ya mfumo wa maji? Kwa baridi au kwa moto?
Kifuniko cha tangi la akiba ni kipya?
Ukiwasha injini kifuniko kikiwa wazi, kuna mapovu?
Na nozeli zako zimekaa ndani ya vikombe vya shaba? Ulibadilisha mipira yake?

MasafaMarefu

Shikamoo mzee. Vikombe vya nozeli nilibadilisha vyote na mipira yake. Kifuniko ni kilekile cha zamani. Presha sijapima, pampu ya kupimia naazima kesho. Mapovu yapo, ndiyo yaliyonifanya niamini ni gasketi.

Laina Kavu

Mapovu yapo, basi kesi imekwisha. Moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Fungua hedi.

Dada Spana

Isubiri kwanza. Tafuta ile chupa ya kioo yenye dawa ya bluu. Unaikalisha mdomoni mwa tangi la akiba, unavuta hewa ya juu ya maji ipite ndani ya dawa. Kukiwa na moshi wa silinda dawa inageuka njano, kwa sababu inakamata kaboni dioksaidi. Punguza maji kwanza yasifike kwenye chupa, yakiingia dawa inaharibika. Na usiufungue mfumo ukiwa wa moto, kwenye presha ya bar moja maji yanachemkia karibu nyuzi 120. Ukifungua kifuniko yanaruka pamoja na mvuke usoni kwako.

Angalizo kwa dizeli: ikinguruma bila mzigo, moshi wake una kaboni dioksaidi kidogo kwa sababu injini inavuta hewa nyingi kuliko inayohitaji. Kwa hiyo ipeleke kwanza kwenye mlima na mzigo, rudi, iache ipoe kiasi cha kufungua kwa usalama, washa tena ndipo upime.

MasafaMarefu

Nimerudi na majibu, wakuu.

Kifuniko kipya nimeweka, cha 15 psi. Hakikubadilisha kitu.

Presha: jana jioni injini ikiwa na joto nilipandisha mpaka 15 psi, nikakaa dakika 30, sindano haikusogea. Leo alfajiri, chuma kikiwa baridi kabisa, nimepandisha tena 15 na baada ya dakika 20 ikawa 11. Nimepita na tochi na kioo kidogo, sijaona mtiririko.

Dawa ya bluu: nimepima mara tatu, mara moja baada ya kupanda mlima na mzigo. Imebaki bluu. Mapovu yanapita ndani ya chupa waziwazi na dawa haitikisiki. Nadhani nimeuziwa dawa iliyokufa.

Laina Kavu

Dawa imekufa hiyo. Mapovu yote hayo na bluu ileile? Haiwezekani.

Dada Spana

Usikisie. Weka dawa kidogo kwenye glasi, ipulizie pumzi yako kwa mrija. Pumzi ya mtu ina kaboni dioksaidi kama asilimia 4, inatosha. Ikigeuka njano dawa ni nzima.

MasafaMarefu

Imegeuka njano kabla sijamaliza pumzi ya pili. Dawa ni nzima. Sasa ndiyo nimechanganyikiwa kabisa.

Grisi Mkononi

Pampu ya maji inavuta hewa? Ikiwa mpira wa upande wa kunyonya umelegea, inaweza kunyonya hewa bila kudondosha maji.

Mzee Toki

Grisi umefikiri vizuri, lakini hewa inayonyonywa na pampu haijazi mfumo kiasi cha kusukuma lita nje. Yeye anapoteza zaidi akiwa na mzigo, kumbuka.

MasafaMarefu, tulia. Una mapovu, na mapovu hayana moshi. Basi ni hewa safi, na hewa safi yenye nguvu kwenye lori inatengenezwa na kitu kimoja. Niambie: ulipofungua injini, kompresa ya upepo wa breki uliifanya nini?

MasafaMarefu

Mzee... nilipangusa grisi nikairudisha. Ilikuwa inajaza upepo vizuri.

Mzee Toki

Inajaza vizuri mpaka leo, ndiyo maana haumshuku mtu. Kompresa yako inapozwa na maji ya injini au na upepo?

MasafaMarefu

Maji. Mpira mmoja unatoka kwenye bloku, mwingine unarudi.

Mzee Toki

Basi sikiliza. Hedi ya kompresa ina vyumba viwili vilivyotenganishwa na gasketi nyembamba: kimoja kina upepo wa bar 8, kingine kina maji ya bar moja. Gasketi ikitoboka, upepo unaingia kwenye maji. Mfumo unajaa, kifuniko kinafanya kazi yake na kutema. Ukiwa na mzigo na kona nyingi unakanyaga breki sana, kompresa inafanya kazi sana, maji yanaondoka sana. Ukizima injini ya moto, mambo yanageuka: upande wa kompresa presha imekwisha, upande wa maji bado ipo, kwa hiyo maji yanaingia taratibu kwenye kompresa. Kesho ukiwasha yanasukumwa mpaka kwenye draya (kikausha upepo) na matangi ya upepo.

Jaribio lake halihitaji spana. Zuia magurudumu kwa vigingi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha tangi la akiba, washa, angalia mapovu na geji ya upepo kwa pamoja. Upepo ukijaa gavana (valvu inayopumzisha kompresa) inakata, kompresa inazunguka bila kujaza. Angalia mapovu yanafanya nini hapo. Kisha kanyaga breki mara kadhaa mpaka gavana iirudishe kompresa kazini, angalia tena. Fanya mara tano, usiamini mara moja.

Laina Kavu

Mzee, na kama mapovu yakiendelea hata gavana ikikata?

Mzee Toki

Basi tutarudi kwenye hedi yako na nitakuomba radhi.

MasafaMarefu

Wakuu. Nimefanya. Kijana wangu alikaa kwenye usukani ananisomea geji, mimi nimeinama juu ya tangi na tochi.

Bar 5, mapovu madogo kama ya soda, yanatoka pembeni panapoingia mpira mwembamba wa juu. Bar 6, yanakuwa makubwa. Bar 7 na nusu, maji yanaruka mpaka mdomoni mwa tangi, yamenilowesha mkono. Kijana akasema "nane na pointi tatu", draya ikapumua pshiii, na hapohapo maji yakatulia. Yametulia kabisa, nimeona uso wangu ndani yake. Injini bado inanguruma, hakuna hata povu moja.

Nikamwambia akanyage breki. Moja, mbili, tatu, nne. Ikafika 7, kompresa ikaanza kujaza, mapovu yakarudi. Tumerudia mara sita. Mara zote sita.

Halafu nikaenda kufungua koki ya tangi la upepo la kwanza. Yametoka maji yenye oili kama kawaida, ila mekundu. Kulanti yangu ni nyekundu. Haya maji nimekuwa nikiyamwaga kila wiki nikidhani ni oili iliyochakaa imeyatia rangi. Na kwenye chesi (fremu ya lori) pale chini ya draya pana michirizi ya ukoko mwekundu urefu wa mkono. Nimepita hapo na kioo na tochi mara ngapi natafuta mtiririko kwenye injini!

Dada Spana

Ndiyo maana bluu ilibaki bluu. Kompresa yako inavuta hewa iliyochujwa, haina moshi wa kuigeuza dawa.

Laina Kavu

Nakubali. Ningekufungulisha hedi ya tatu mimi.

Grisi Mkononi

Na ile sindano ya joto iliyokuwa inapanda ghafla na kushuka imepata maelezo. Fungu la hewa lilikuwa linapita kwenye kihisi.

Mzee Toki

Vizuri. Sasa usikimbilie kuweka gasketi mpya ya kompresa na kuondoka. Gasketi ile haitoboki bila sababu. Fungua bomba la chuma linalotoka kompresa kwenda kwenye draya, chungulia ndani. Na uniambie kompresa inafanya kazi muda gani kati ya kukata na kukata, ukiwa umesimama bila kugusa breki.

MasafaMarefu

Jibu la kwanza: inajaza kila baada ya dakika mbili hata nisipogusa breki. Jibu la pili linatisha. Bomba la chuma ambalo kidole changu kidogo kilipaswa kuingia, sasa halipitishi penseli. Limejaa masizi magumu kama lami iliyokauka, hasa kwenye kona ya kwanza baada ya kompresa.

Mzee Toki

Umemwona mwenyewe. Mahali fulani kwenye mfumo wa breki unavuja upepo, kwa hiyo kompresa haipumziki. Isipopumzika inachemka, oili inayopanda nayo inaungua na kuwa masizi, masizi yanabana bomba, bomba likibana kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi na kuchemka zaidi. Mwisho hedi yake inapinda na gasketi inatoboka. Bomba usilisafishe, weka jipya. Hedi ya kompresa ipime kwa rula iliyonyooka na fila geji, ikiwa imepinda au ina ufa kati ya valvu usijaribu kuiokoa. Katriji ya draya badilisha, imekunywa kulanti. Kisha pita na maji ya sabuni kwenye viungo vyote vya upepo.

Kanyaga Twende

Naomba kuuliza bila kutukanwa. Je, ningeweza kuunganisha tu ule mpira wa kuingia na wa kutoka, maji yasipite kwenye kompresa, nikaendelea na safari?

Dada Spana

Hujatukanwa kaka. Dakika chache, lori limesimama, kama jaribio la kuthibitisha, sawa. Safari hapana. Hiyo kompresa inategemea maji ipoe, na ikikwama njiani breki zako zinakwama nayo. Bahati mbaya zaidi, inaendeshwa na gia za mbele za injini, zile zinazoendesha kamshafti.

MasafaMarefu

Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Hedi ya kompresa ilikuwa imepinda 0.20 mm katikati na gasketi imeungua pale kati ya tundu la upepo na la maji, alama nyeusi upana wa ukucha. Nimeweka hedi mpya, gasketi, bomba jipya, katriji ya draya. Upepo ulikuwa unavuja kwenye kiungo cha tela na kwenye diaframu ya chemba moja ya breki ya nyuma. Sasa kompresa ikikata, geji haishuki kwa zaidi ya nusu saa.

Mapovu hakuna. Ila alfajiri iliyofuata nimekuta zile tone tatu zangu mbele, palepale. Nikajua bado nina deni. Na kumbukeni ile presha iliyoshuka kwa baridi tu, kompresa ilikuwa imenisahaulisha.

Mzee Toki

Mimi sikuisahau, nilikuwa nangoja uondoe kelele kwanza. Inavuja baridi na kuziba ikipata joto: tafuta penye mpira na klipu. Mpira ukipoa unasinyaa, klipu ya skrubu haimfuati. Ukipata joto unavimba na kujiziba wenyewe. Pandisha presha alfajiri, kabla hujawasha, na usiangalie kwa macho. Zungusha karatasi kavu ya chooni chini ya kila klipu.

MasafaMarefu

Karatasi imelowa kwenye klipu ya mpira mkubwa wa chini wa rejeta, upande wa nyuma ambao tochi haifiki. Nilipoutoa mpira nikakuta shingo ya bomba ina ukoko wa zamani ambao sikuusugua wakati wa kufunga. Yaani kosa la mikono yangu, halina mwingine. Nimesugua kwa msasa laini mpaka chuma kikang'aa, nimeweka klipu yenye springi inayoufuata mpira ukisinyaa.

Leo alfajiri: 15 psi, baridi kabisa, dakika 40, sindano imekaa 15.

Grisi Mkononi

Tuwekee na kilomita baadaye. Nyuzi za namna hii huwa zinaishia "nitarudi" halafu kimya.

MasafaMarefu

Nimerudi. Kilomita 2,400, nusu yake na mzigo kamili. Nilichora alama ya kalamu kwenye tangi la akiba siku ya kwanza. Injini ikipoa, maji yanarudi kwenye alama ileile. Koki za matangi ya upepo nafungua kila jioni na kitambaa cheupe mkononi. Bado kinatoka na oili kidogo, wekundu haupo.

Mzee Toki, swali la mwisho: hiyo oili kidogo kwenye kitambaa, ni ya kawaida au ringi za kompresa nazo zinaniaga?

Mzee Toki

Ni madoa au ni kama umechovya?

MasafaMarefu

Madoa. Kama matatu, ukubwa wa punje ya mahindi.

Mzee Toki

Iache. Ikianza kuchovya, fungua uzi mwingine.